Gofu, Hame na Mji: Juu ya Kufasiri Habari za Miji ya Kale

Rhapta, mji wa mwisho wa biashara katika pwani ya Azania, umetajwa na mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 1 ambaye jina lake halijulikani. Yeye aliuita soko la bandarini. Ptolemy, katika karne ya 2, aliuita mji mkuu. Mfasiri akiandika "jiji" mahali pote pawili, amemnyima msomaji habari yenyewe, yaani kwamba sifa ya mahali hapo ilikuwa imepanda. Jina Rhapta nalo latokana na vyombo vya kushonwa. "Boti zilizofungwa kamba" ni maneno ya mtu asiyewahi kusikia habari za mtepe. Lakini kuandika "mtepe" moja kwa moja ni kudai tusichoweza kuthibitisha. "Vyombo vya kushonwa, mfano wa mtepe" yatosha.

Rhapta ilikuwa bara, na mahali pake hapajathibitishwa. Unguja Ukuu, kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja, ni mahali pengine kabisa, ingawa wapo wanaopachanganya. Bandari hiyo ilistawi tangu karne ya 7 hivi hadi ya 10. Wachimbuzi wamefukua humo vyungu vya kienyeji kwa wingi, na pamoja navyo vigae vya Ghuba ya Uajemi na vya China.

Hapa ndipo neno "magofu" linapotudhuru. Gofu ni jengo lililobomoka na kubaki kuta. Gedi na Kilwa Kisiwani yako. Unguja Ukuu nyumba nyingi zilikuwa za miti na udongo, na mabaki karibu yote yamo ardhini. Karani akiandika katika ilani kwamba ni marufuku kuharibu magofu, mchimba msingi atatazama huku na huku, asione ukuta, aendelee kuchimba. Wala hatakuwa ameivunja ilani kama alivyoielewa. Lugha yetu ina neno hame, mahali palipohamwa, pawe na kuta au pasiwe nazo. Itasemwa kwamba Unguja Ukuu wamo watu hadi leo. Ni kweli, basi iandikwe "hame la kale la Unguja Ukuu", ili kijiji kibaki kijiji.

Shida ndogo zaidi ni "Mji Mkongwe". Majengo yake mengi ni ya karne ya 18 na ya 19, nayo Ngome Kongwe ilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 17. Jina limekwisha kukaa, tena tangu mwaka 2000 mji huo umo katika orodha ya UNESCO, halibadiliki. Lakini mwalimu asiache kuwaambia wanafunzi kwamba Ukuu ni wa kale kuliko Mkongwe kwa miaka elfu moja hivi.