Usahili wa Antony

Wako wanaoamini kuwa kiongozi asemaye kwa ukali, bila kuremba maneno, hana budi kuwa mkweli. Dhana hiyo huingia hata madarasani, na sisi walimu wa Kiswahili yatupasa kuijibu. Jibu tunalipata katika tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Julius Nyerere mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Kaizari ameuawa, na watu wawili wanauhutubia umati. Brutus anasema kwa nathari, kwa sentensi fupi. Anatoa sababu zake, kisha anakwenda zake. Antony anasema kwa lugha ya kishairi. Ananyamaza, analia, analionyesha vazi lililotobolewa kwa majambia. Halafu, kabla ya kuusoma wosia, mtu huyuhuyu anadai kwamba yeye si msemaji hodari, ni mtu wa kawaida tu asemaye wazi yaliyo moyoni. Hapo ndipo ulipo ustadi wake wote. Usahili wake nao ni pambo.

Sisi wa Uganda tulilipia somo hili. Idi Amin alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, alijitambulisha kuwa ni askari, si mwanasiasa. Na wengi walishangilia. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke nchini. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, lakini raia wengi walikuwa wamekwisha kukisikia katika amri za askari. Lugha ikabeba lawama ya vinywa vilivyoitumia, na mzigo huo tumeurithi sisi tunaoifundisha.

Kwa hiyo hatukubaliani na desturi ya kuisoma hotuba ya Antony kama kielelezo cha ufasaha, kisha somo likaishia hapo. Onyesho linalofuata ni fupi, na mara nyingi hurukwa. Umati uliochochewa unamkamata Cinna, mshairi. Anajitetea kuwa yeye siye Cinna aliyekula njama. Wanamjibu kwamba basi atauawa kwa sababu ya mashairi yake mabaya.

Mwalimu asiwaruhusu wanafunzi kufunga kitabu kabla ya kufika hapo. Wakiisha kumwona Cinna, na waulizwe tena kama Antony alikuwa msema kweli.