Umri wa Rivolva

Tarime ina sifa yake linapokuja suala la silaha. Wizi wa ng'ombe unajulikana, magobore yanajulikana, SMG zinajulikana, na Jeshi la Polisi limeipa, pamoja na Rorya, mkoa wake wa kipolisi. Kwa hiyo mzee akiibua rivolva yenye kutu kwenye sanduku la marehemu baba yake, anayefikiriwa kwanza ni OCD, si makumbusho.

Na chuma cha zamani huku hakikukosa njia ya kufika. Wajerumani walijenga ngome yao Ikoma, katika Serengeti ya leo, mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1917 kikosi cha Heinrich Naumann kilipigana hapo na Wabelgiji. Kisha akaja Mwingereza, na Wakurya wengi wakavaa sare za King's African Rifles. Hakuna jeshi linalopita bila bastola za maofisa wake.

Namhusudu mtaalamu wa silaha anayeweza kukaa na kitu kama hicho mezani mpaka kikaeleza kilikotoka. Kifyatulio hakigusi. Anaanza kwa kuhakikisha hamna risasi ndani, na hapo hapo silaha imeshaanza kujitambulisha. Webley ya Mwingereza inakunjuka: mtutu unainama, maganda yote sita yanasukumwa nje kwa mpigo mmoja. Rivolva ya jeshi la Ujerumani, muundo wa 1879 au wa 1883, haina uungwana huo. Unavuta nyundo nusu, unafungua kijilango cha kulia, unazungusha silinda chemba moja moja, na ganda lililobaki ndani unalisukuma kwa kijiti, kwani walioiunda hawakuiwekea cha kulitolea.

Ila sheria, ikitaka kujua kama bastola ni ya kale, haiulizi kabila lake, inauliza mwaka. Msasa ni mwiko. Alama zilizogongwa kwenye chuma hazina kina, na mwenye haraka akisugua kutu amesugua na ushahidi. Ni mafuta mepesi, kijiti cha mti laini, na kungoja. Kisha tochi inalazwa ubavuni ili mwanga upite juu juu, na vivuli vinajaa kwenye mikwaruzo: taji, chini yake Erfurt, halafu mwaka. Kiwanda cha serikali cha Erfurt kiliandika mwaka. Mafundi wa Suhl waligonga vifupisho vya majina yao ndani ya umbo la yai. Kwa Webley anatafuta namba ya muundo. Mark IV ni ya 1899, Mark VI ya 1915. Taji lenye herufi BV chini yake ni alama ya majaribio ya Birmingham iliyoanza 1904, kwa hiyo bastola yenye alama hiyo haikupimwa hivyo kabla ya hapo. (Inaweza kuwa imetengenezwa mapema na kupimwa upya baadaye. Mtaalamu mzuri hasahau hilo.)

Namba ikiwa imefutwa kwa tupa, bado hajashindwa. Nyundo ilipogonga tarakimu, iliubana chuma hata chini ya pale jicho linapofika. Sehemu inang'arishwa, asidi inapakwa kwa pamba, na chuma kilichobanwa kinaliwa tofauti na jirani yake. Tarakimu zinarudi hafifu na kwa muda mfupi, hivyo kamera iwe tayari kabla ya pamba. Baada ya hapo ni kalipa: kipenyo cha chemba, urefu wake, na kama namba ya silinda inalingana na ya bodi.

Mpaka hapo ana umri, ila jibu bado. Marekani, kwa sheria ya 1968, iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ni ya kale, kwisha maneno; Mark IV inakosa kwa mwaka mmoja. Uingereza ina masharti zaidi: iwe ya kabla ya Septemba 1, 1939, risasi yake iwe katika orodha ya zilizopitwa na wakati, na mwenyewe aiweke kama pambo au kitu cha udadisi. Mwaka 2021 aina saba za risasi ziliondolewa kwenye orodha hiyo baada ya bastola zake kuonekana mikononi mwa wahalifu, na mojawapo ni ile ya milimita 10.6 ya Mjerumani. Rivolva ya Erfurt ikalala ikiwa ya kale, ikaamka ikiwa silaha, bila mtu kuigusa.

Kwetu, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu vifaa vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kwa kipimo hicho Mjerumani wa 1879 ni kijana na Webley ni mtoto. Tena sheria hiyo inalinda turathi, haitoi leseni ya bastola. Leseni iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mlango wake ni polisi. Kwa mzee asiye na karatasi yoyote, Umoja wa Afrika umeutenga Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha, na huo ndio mwezi wa kulitoa sanduku.

Taarifa inayoandikwa baada ya shughuli yote hiyo huwa fupi. Muundo, kiwanda, mwaka kama umesomeka au kipindi kama haukusomeka, kipenyo cha chemba, namba zisizolingana, nyundo inagonga au haigongi. Mtaalamu ninayemsifu haongezi neno "kale" hapo chini. Hilo anamwachia hakimu.