Haki ya Kitabu

Msomaji kijana, kuna njaa ya mwili na njaa ya akili. Njaa ya mwili haihitaji mwalimu. Ikicheleweshewa chakula hupiga kelele, na mwenye tumbo hana raha mpaka ameitii. Njaa ya akili haina tabia hiyo. Ikikosa chakula siku nyingi hunyamaza, na ikinyamaza mwenyewe hudhani kuwa ameshiba. Mtu aliyefikwa na hali hii hupita mbele ya vitabu kama mgonjwa apitavyo mbele ya sahani ya pilau: huiona, huinusa, wala haitamani. Mimi nilifikwa nayo. Nataka kukueleza jinsi nilivyopata nafuu katika muda wa mwezi mmoja, vitabu vitatu vilivyoniponya, na dhuluma niliyokuwa nimetenda kwa sababu ya maradhi yale.

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili katika shule ya upili, na nyumba niliyopanga iko karibu na Daraja Mbili, soko kubwa la mji wa Kisii. Nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu nilikuwa mlafi wa vitabu. Nilisoma chochote nilichokishika, na nilipomaliza nilisikitika kama aagaye rafiki. Walakini kazi ilibadili macho yangu kidogo kidogo. Nilianza kusoma kwa ajili ya maswali: mhusika huyu ana sifa zipi, methali hii imetumika ukurasa gani, maudhui ni mangapi. Kitabu kikawa shimo la kuchimbia alama. Jioni, nilipochoka kusahihisha, nilishika simu badala ya kitabu, na simu ikanizoesha vipande vifupi visivyodai kitu kwangu. Miaka ikapita. Nikawa mtu awahimizaye wengine kusoma ilhali yeye mwenyewe hasomi, mfano wa mwenye duka auzaye viatu na kwenda peku.

Sasa isikilize dhuluma yenyewe. Siku moja katika kidato cha tatu niliulizwa habari za Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Nilikuwa nimekisoma chuoni, tena nusu yake. Nikajibu bila kufikiri: "Ni kitabu kizito. Jambo moja hurudiwa mara sita." Majuma machache baadaye niliwapa wanafunzi kazi ya kuhakiki kitabu wanachokitaka. Msichana mmoja alichagua Kusadikika, akaandika kuwa ni kitabu kizito, kwamba jambo moja hurudiwa mara sita, na kwamba mwandishi huwachosha wasomaji wake. Hoja zilipangwa vizuri na tahajia ilikuwa safi. Nikampa alama kumi na tano katika ishirini. Nilipomrudishia daftari nilimwuliza alipenda sehemu gani. Akajibu kwa adabu, bila hila yoyote, "Sijakisoma, mwalimu. Uliyosema wewe yalinitosha."

Sikupata neno la kumjibu. Nilikuwa nimekihukumu kitabu nisichokijua, na mtoto wa watu akaithibitisha hukumu yangu, nami nikamtunza kwa kuithibitisha. Shule zilipofungwa mwezi wa Aprili, wakati mvua za masika zinapoinyeshea Kisii karibu kila alasiri, niliazimia kusoma tena mwezi mzima.

Juma la kwanza lilipotea. Nilianza na Kusadikika chenyewe, kama mkosaji anayekwenda kulipa faini. Nilikaa mezani, nikashika kalamu nyekundu kwa mazoea, nikasoma kurasa kumi, nikajikuta naangalia dirisha. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nilikifunga. Hapo nilijifunza jambo la kwanza: kitabu kisomwacho kama adhabu hugeuka adhabu, hata kama kimeandikwa na fundi.

Juma la pili nilikwenda sokoni kununua viazi. Kando ya wauza nguo za mitumba alikuwako mtu aliyetandika vitabu vikuukuu juu ya turubai. Kati ya vitabu vya hesabu na vya mitihani ya zamani niliona Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kimetoka jalada. Tulipatana bei, nikakitia ndani ya kikapu juu ya viazi. Hadithi hii ilishinda katika shindano la uandishi lililofanywa Afrika Mashariki mwaka 1957 na 1958, kisha ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Ni habari ya mauaji katika Unguja. Maiti imeonekana mahali pa mzimu, na watu wamekwisha kuona katika nyoyo zao kuwa muuaji hatafutiki kwa njia za kibinadamu. Bwana Msa hakubali. Huvuta kiko chake, husikiliza, kisha huuliza swali dogo ambalo hapana aliyeona haja yake.

Nilikianza jioni, nikakimaliza jogoo akiwika. Wahakiki wamemlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, na rafikiye Najum na Watson. Ulinganisho huo ni wa haki, lakini haumalizi sifa. Kiswahili cha kitabu hiki kina chumvi ya barazani, na mzaha wake hauagizwi kutoka ng'ambo. Dosari yake kwangu ni kwamba mazungumzo mara nyingine hurefushwa kwa utamu wa maneno tu, na mambo yanayotatanisha hufunguka kwa bahati iliyozidi kiasi. Hata hivyo kiliniamsha. Usidharau, msomaji, kitabu cha kukimbiza usiku. Mgonjwa haanzi kwa kutafuna nyama. Huanza kwa uji, na uji ukimkaa tumboni hutafuta kingine mwenyewe.

Juma la tatu nilitafuta kingine. Nilisoma Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Ni kitabu chembamba. Kinasimulia habari za watu waliokamatwa bara, wakafungwa, wakatembezwa hadi pwani, wakauzwa, na hatimaye wengine wao wakaokolewa baharini na kupewa makao katika Frere Town, kijiji cha watumwa waliowekwa huru kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875. Mwandishi mwenyewe alikuwa mwana wa watu wale. Lugha yake ni nyepesi, na wepesi huo huzidisha uchungu, kwa kuwa mambo makubwa hutajwa kwa sauti ya chini.

Lakini nilipofika mbele nilianza kukunja uso. Sifa za Waingereza zilizidi. Mwarabu hupewa uovu wote na Mwingereza hupewa wema wote, na msomaji hutakiwa kushukuru. Nilikumbuka kuwa mwaka kitabu kilipotoka, wanaume Waafrika wa Kenya, koloni la Mwingereza huyo huyo, walilazimishwa kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Nikachukua daftari nikaandika pingamizi zangu, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha nikajiuliza: je, mtoto wa mtu aliyefunguliwa minyororo angeandika nini juu ya mkono uliomfungua? Nikaandika na jibu hilo pia. Mara nikatanabahi kuwa saa mbili zilikuwa zimepita nami nabishana na mtu aliyeandika zaidi ya miaka themanini iliyopita. Ndipo nilipojua kuwa nimepona nusu. Mtu asiye na hamu ya kusoma habishani na kitabu, hukiacha tu.

Nusu ya pili nilipewa sokoni. Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama yangu, huuza ndizi na mboga Daraja Mbili. Siku moja ya soko mvua kubwa ilishuka, wanunuzi wakakimbilia chini ya mabati, nami nikajibanza karibu na mafungu yake. Kusadikika kilikuwa mkononi, maana nilikuwa nimekichukua tena, lakini bado kwa shingo upande. Akaniambia, "Mwanangu, kila nikuonapo na kitabu hicho umekikunjia uso. Kinakudai?"

"Ni cha kazi, mama," nilimjibu.

"Basi kisome nami nisikie, mvua ipite."

Nyumbani sisi huzungumza Ekegusii, lakini Kiswahili anakijua, kwa kuwa miaka mingi amekitumia kupatana bei na wanunuzi Waluo na Wakipsigis. Nikaanza. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria, na Waziri Majivuno ndiye mshtaki. Karama anapopewa nafasi ya kujitetea, husimulia habari za wajumbe sita waliosafiri pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, ili kuiletea nchi yao manufaa. Kila mmoja alirudi na jambo jema, na kila mmoja alitiwa gerezani.

Mjumbe wa kwanza alipofungwa mama mdogo alitikisa kichwa. Wa pili alipofungwa aliacha kupanga ndizi. Nilipoanza habari za wa tatu alinikatiza, "Huyu naye watamfunga?"

"Watamfunga, mama."

Akafikiri kidogo, mvua ikipiga mabati. "Na wa nne atakubali kwenda, ilhali amewaona hao watatu?"

Msomaji, chuoni nilifundishwa mbinu nyingi za uhakiki, lakini swali lile lilinipita yote. Nilikuwa nimelalamika kuwa jambo moja hurudiwa mara sita. Kumbe halikuwa jambo moja. Mjumbe wa kwanza huondoka na tumaini. Anayetoka baada ya wenzake kufungwa huondoka na tumaini pamoja na habari za gereza. Safari zinafanana, lakini uzito wa kila safari umezidi ule wa iliyotangulia. Tena Karama si mpiga hadithi wa kufurahisha jamaa jioni. Ni mshtakiwa anayeita mashahidi. Mtu mmoja akidhulumiwa, mtawala aweza kusema ni bahati mbaya. Wakidhulumiwa sita, hiyo ni desturi, na desturi haithibitishwi ila kwa kuhesabu. Shaaban Robert, aliyekuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, hakuweza kuitaja nchi aliyoikusudia kwa jina. Akaiweka angani, akawaachia wenye masikio waishushe chini.

Sisemi kuwa kitabu hakina ila. Watu wake ni majina ya tabia zaidi kuliko kuwa watu: Majivuno hujivuna tangu mwanzo hadi mwisho, na hatumwoni akiwa amechoka, au akiwa na shaka usiku. Msomaji aliyezoea riwaya za siku hizi atatamani damu zaidi katika mishipa yao. Lakini ila hii niliiona baada ya kukisikiliza kitabu chote. Ile ya kwanza niliitunga kabla ya kukisikiliza. Moja ni hukumu, nyingine ni chuki. Nilipomweleza mama mdogo kuwa hapo awali kitabu kilinichosha, alielekeza kidole kwenye mafungu yake ya chinsaga, mboga yetu chungu ambayo hupikwa polepole na kulainishwa kwa maziwa. Akasema, "Ukiipika hiyo kwa haraka, utasema mboga ni mbaya."

Mwisho wa kitabu Karama hushinda, na wajumbe waliofungwa hufunguliwa. Nilipofika hapo mvua ilikuwa imekwisha zamani, na wanunuzi wawili walikuwa wamesimama wakisikiliza, wasiulize bei.

Nilirudi nyumbani na wazo ambalo halijaniacha. Kosa la Karama lilikuwa kuwafundisha watu kwamba mshtakiwa ana haki ya kusikilizwa. Nami mwalimu nilikuwa nimekihukumu kitabu kinachofundisha haki hiyo bila kukipa haki hiyo. Katika baraza la darasa langu mimi ndiye niliyekuwa Majivuno. Uchovu wangu wa kusoma haukuwa msiba wangu peke yangu. Mtu wa kawaida akichoka kusoma hujinyima mwenyewe; mwalimu akichoka kusoma huwanyima na wale wanaoliamini neno lake.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa Mei nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikaungama. Niliwaambia nilivyosema, jinsi nilivyokosea, na nilivyoulizwa sokoni. Wengine walicheka, sikuwakataza. Kisha niliweka nakala yangu juu ya meza. Yule msichana ndiye aliyeichukua. Baada ya juma moja na nusu aliirudisha, akasema, "Bado ni kizito, mwalimu. Lakini sasa najua ni kizito wapi." Akanionyesha kurasa mbili, na sababu zake. Katika moja nilikubaliana naye, katika nyingine tulibishana mpaka kengele ilipolia. Sikumbuki somo lililonifurahisha kuliko lile.

Basi, msomaji, siku moja hamu itakukimbia wewe pia. Usione haya, wala usijilazimishe kwa kiboko. Anza na kitabu kikukimbizacho, kisha tafuta kikukasirishacho, kisha mwombe mtu akusikilize ukisoma kwa sauti. Na ukikutana na kitabu usichokipenda, una ruhusa kamili ya kukichukia. Sharti ni moja tu: kisikilize kwanza mpaka shahidi wa sita.