Neno "Usalama" Kinywani mwa Mtawala: Kuisoma Upya Tamthilia ya Kigogo

Mwulize mtahiniwa yeyote aliyeisoma Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea iliyoanza kutahiniwa mwaka wa 2018, akutajie maudhui yake makuu. Atakujibu pasi na kusita: uongozi mbaya. Mtake athibitishe, naye atakuorodheshea: soko la Chapakazi limefungwa, Jabali ameuawa, Tunu ameumizwa mguu, Ashua ametiwa ndani. Hoja zinatosha, alama zinapatikana, na mwalimu anaridhika. Mimi pia niliridhika kwa miaka kadhaa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba orodha hiyo, ijapokuwa ni sahihi, imeacha nje jambo ambalo mwanafunzi wa leo analihitaji kuliko yote, yaani namna dhuluma inavyojieleza.

Mwalimu mwenzangu, tazama tena mazungumzo ya Majoka na mshauri wake Kenga. Hakuna mahali mtawala huyu anapojiita dhalimu. Anajiona mlezi wa Sagamoyo. Jimbo linasherehekea miaka sitini ya uhuru, na anayeharibu sherehe ni adui wa wote. Soko halifungwi ili watu wafe njaa. Kuna sababu inayotolewa, na chini ya sababu hiyo kuna hoteli inayonuiwa kujengwa. Ashua anafungwa baada ya vurugu na Husda ofisini, lakini msomaji anajua kwamba lengo ni kumlainisha mumewe Sudi akubali kuchonga kinyago. Hapa ndipo kinaya cha tamthilia kilipo. Kila tendo la Majoka lina jina zuri. Mtahiniwa anayetaja tendo bila kutaja jina lililopewa amesoma nusu ya mchezo.

Chukua mfano mmoja, ule wa runinga ya Mzalendo. Runinga hii inapeperusha maandamano ya Tunu na wenzake moja kwa moja, na Majoka anatishia kuifunga. Kigogo ilichapishwa kabla ya tarehe 30 Januari 2018, siku ambayo serikali ya Kenya ilizima NTV, KTN na Citizen kwa sababu zilikuwa zikionyesha hafla ya Raila Odinga ya kujiapisha katika bustani ya Uhuru. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa taifa. Mahakama Kuu iliamuru zirejeshwe hewani na amri hiyo haikutiiwa mara moja. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipokuwa wakiadhimisha mwaka mmoja tangu wenzao wauawe katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo vikome kupeperusha maandamano moja kwa moja, na baadhi vikazimwa hadi mahakama ilipoingilia kati. Nilipokuwa nikifundisha onyesho hilo mara ya kwanza, darasa lilicheka. Siku hizi halicheki.

Wahakiki wengi huishia hapo: fasihi ni kioo cha jamii, kalamu chini. Lakini ukitazama mambo kwa makini utaona kwamba chombo anachokitumia Majoka ni kikongwe kuliko Majoka. Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma, maarufu kama Sura ya 57, ilirithi roho ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na Waingereza mwaka wa 1952. Tulipopata uhuru hatukuizika. Katiba ilirekebishwa mwaka wa 1966 na serikali ikapata uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfungulia mashtaka. Waandishi wetu wa Kiswahili walilipa gharama yake. Abdilatif Abdalla alifikishwa mahakamani na kufungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijitabu chake Kenya: Twendapi?; mashairi aliyoyatunga kifungoni ndiyo Sauti ya Dhiki (1973). Alamin Mazrui, mtunzi wa Kilio cha Haki (1981), hakupata hata hakimu wa kumsikiliza: alitiwa kizuizini mwaka wa 1982, na Chembe cha Moyo (1988) ikazaliwa huko. Katama Mkangi alizuiliwa mwaka wa 1986. Tofauti kati ya mfungwa na mzuiliwa ni muhimu sana, na wanafunzi wetu huichanganya kila mwaka. Mfungwa anajua kosa aliloambiwa amelitenda na anajua siku ya kutoka. Mzuiliwa hajui lolote kati ya hayo. Kwake, neno "usalama" limechukua nafasi ya ushahidi.

Hebu sasa niseme jambo ambalo huenda mashabiki wa Kigogo hawatalipenda. Tamthilia hii inaturahisishia kazi kupita kiasi. Sagamoyo haina adui wa kweli. Hakuna mshambuliaji anayevizia mpakani wala bomu sokoni, kwa hivyo kila Majoka anapotaja utulivu, hadhira inajua mara moja kwamba ni uongo. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001), ambayo sisi wa rika langu tuliisoma tukiwa wanafunzi, ina kasoro iyo hiyo: Mtemi Bokono anamwogopa Mwelusi kwa sababu Mwelusi anasema kweli, basi. Maisha hayakutupa mtihani mwepisi namna hiyo. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 waliteremshwa kwenye basi karibu na Mandera na kuuawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakirudi nyumbani likizoni. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 wakauawa katika kaunti hiyo hiyo. Nakumbuka chumba cha walimu wiki hiyo. Hakuna aliyekuwa akizungumza juu ya haki za washukiwa, nami sikuzungumza.

Ni katika huzuni hiyo ambapo Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Usalama ulipitishwa tarehe 18 Desemba 2014, wabunge wakirushiana ngumi, na kutiwa sahihi kesho yake. Adui alikuwa wa kweli. Machozi yalikuwa ya kweli. Na bado, tarehe 23 Februari 2015, Mahakama Kuu ilifutilia mbali vifungu vinane vya sheria hiyo, vikiwemo vilivyobana vyombo vya habari na kile kilichoweka kikomo cha idadi ya wakimbizi nchini. Miezi kadhaa kabla ya hapo, Aprili 2014, maelfu ya watu, hasa Wasomali wa Eastleigh, walikuwa wamekamatwa katika operesheni ya Usalama Watch na wengine kukaguliwa katika uwanja wa Kasarani. Mwandishi atakayetunga tamthilia yenye Majoka anayesema kweli kuhusu adui, lakini akamtumia adui huyo kumfunga jirani, atatufundisha zaidi. Hatujamwona bado katika vitabu teule. Huenda ndiye mmoja wenu mnaosoma kurasa hizi.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuufunga mlango huu. Kifungu cha 29 kinamlinda mtu asizuiliwe bila kushtakiwa, cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au siku ya mahakama inayofuata, na cha 238 kinaeleza kwamba usalama wa taifa utafutwe kwa kuheshimu sheria, demokrasia na haki za binadamu. Msomee mwanafunzi kifungu cha 238 kisha mrejeshe kwenye hotuba za Majoka. Somo litajifundisha lenyewe. Lakini usimfiche na upande wa pili. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilinakili visa 82 vya watu kutekwa nyara kati ya Juni na Desemba 2024. Pale ambapo sheria imekataza kizuizi, gari lisilo na nambari limeanza kufanya kazi ya Sura ya 57.

Shule ninakofundisha iko Donholm. Kutoka hapa hadi uwanja wa Jacaranda ni mwendo mfupi wa miguu. Tarehe 28 Novemba 2017, Rais alipokuwa akiapishwa Kasarani, polisi waliuzingira uwanja huo ili upinzani usifanye maombi ya kuwakumbuka waliouawa wakati wa uchaguzi, na gesi ya kutoa machozi ikawafikia hata wasiojua kulikuwa na maombi. Wanafunzi wangu wa sasa walikuwa watoto wadogo, lakini wanaikumbuka harufu.

Ndiyo sababu naona haya kusimulia yafuatayo. Aprili 2025, wasichana wa Butere walifika Nakuru katika Tamasha la Kitaifa la Drama na tamthilia ya Echoes of War, wakiwa na ruhusa ya mahakama, na walioambulia ni gesi ya kutoa machozi na mwandishi wao, Cleophas Malala, kukamatwa. Muhula uliofuata, kikundi chetu cha maigizo kilitunga mchezo mfupi wa siku ya wazazi. Katika onyesho moja mama anazunguka na picha ya mwanawe aliyechukuliwa na polisi usiku. Niliichukua kalamu nikalikata neno "polisi", nikaandika "majambazi". Hakuna aliyenituma, wala mkuu wa shule hakuwa ameuona mswada. Msichana aliyeigiza nafasi ya mama alisoma mstari mpya, akanitazama, akauliza, "Mwalimu, sasa kama ni majambazi, mbona mama haendi kuripoti kwa polisi?"

Sikuwa na jibu. Ploti yote ilikuwa imeporomoka kwa neno moja. Nilirudisha neno la awali, ila tukahamishia mchezo katika nchi isiyokuwepo. Hapo ndipo nilipoelewa mandhari ya Butangi na Sagamoyo kwa namna ambayo hakuna mwongozo uliyowahi kunieleza. Tunawafundisha watahiniwa kwamba mandhari ya kubuni humwezesha mwandishi kuzungumzia jamii yoyote ya Kiafrika. Kweli. Vilevile ni ukuta anaojifichia, na ukuta huo unasema kitu kuhusu anakoishi. Ukifundisha jazanda katika tamthilia hizi, waulize wanafunzi mwandishi alikuwa akijikinga na nini.

Mwishoni mwa muhula niliwatungia kidato cha nne swali hili kwa ajili ya mazoezi: "Taja hali nne katika Kigogo ambapo amani au utulivu unatumiwa kuhalalisha dhuluma, kisha ueleze katika kila hali ni nani aliyelindwa." Wengi waliandika kwamba aliyelindwa ni Majoka, na walistahili alama zao. Mmoja aliandika hali tatu tu. Ya nne aliikataa, badala yake akamtaja Kingi, mkuu wa polisi anayeamriwa kuwapiga watu risasi na kukataa, akaeleza kwamba huyo ndiye pekee katika mchezo mzima aliyelinda usalama. Mwongozo wangu wa kusahihisha haukuwa na hoja hiyo. Nilimpa alama zote mbili.