Swali la Pili

Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alijua kwamba swali la kwanza ni la kubishia hodi tu. Kuanzia miaka ya 1970, yeye na wenzake waliwafuata wazee vijijini Kenya wakiwa na kinasa sauti, wakazungumza nao kwa lugha zao kuhusu Mungu, kifo, haki na usawa wa watu. Mzee akiulizwa Mungu ni nani, aghalabu huanza na yale watu wake waliyopokea kwa mababu. Mtafiti mwenye haraka angeshukuru hapo, akafunga daftari na kuaga.

Oruka alibaki kitini. Likaja swali la pili: na wewe mwenyewe, mzee, unakubaliana na hayo? Kwa nini? Kila nikiyasoma mahojiano hayo, ni hapa ninapousifu ufundi wake. Swali linaulizwa kwa adabu, halimvunjii mzee heshima, lakini linamtoa kwenye kivuli cha "sisi tunaamini". Wako waliorudi kwenye mapokeo yaleyale. Hao Oruka aliwahesabu kuwa wenye hekima ya jamii. Wengine waliyapima mapokeo, wakatoa hoja, hata wakatofautiana na watu wao. Hao aliwaita wanafalsafa.

Mmoja wao ni Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kiluo. Zama hizo viongozi wa Afrika walipenda kusema kwamba jamii zetu za kale zilikuwa za kijamaa. Mbuya alipoulizwa habari za Waluo, alieleza kwamba watu hawakuwa wakigawana mali ovyo. Mwenye ng'ombe aliwapa wasio nao wawafuge, ili kila mtu awe na ng'ombe wa kutunza. Huo ulikuwa ushirikiano, na Mbuya aliona tofauti yake na ugawanaji. Jibu la namna hiyo halipatikani kwa dodoso la ndiyo au hapana.

Mwanafalsafa Peter Bodunrin wa Nigeria alihoji: falsafa inayozaliwa katika mazungumzo hayo ni ya mzee, au ni ya msomi aliyemchokonoa? Pingamizi hilo ni zito. Watetezi wa Oruka humtaja Socrates wa Athens, mtoto wa mkunga, aliyesema kazi yake ni kuzalisha mawazo ya wengine. Na mkunga hadai mtoto. Mimi naona hoja hiyo inasimama, ila kwa sharti moja zito: muulizaji awe radhi kupokea jibu asilolitarajia, tena alichapishe lilivyo.

Mwaka 1990 Oruka alitoa kitabu chake, *Sage Philosophy*. Wazee wamo humo kwa majina yao, kila mmoja na kauli yake.