Ishara Ina Mwenyewe

Katika hadithi ya Said A. Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba", jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago mtaani Madongoporomoka, linaagiza chakula chote kilichopikwa siku hiyo, na linakimaliza. Msomaji wa mtaa wa Magongo, Mombasa, hahitaji kuelezwa jitu hilo ni nani. Mtaa wake umebanwa baina ya uwanja wa ndege, mitambo ya mafuta na njia ya malori ya makontena, na anajua kwamba penye ardhi ya thamani mpangaji wa chumba kimoja ndiye huambiwa mwisho. Lakini kumtambua mnyakuzi wa ardhi ndani ya jitu ni kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa ya mwandishi: kupata kitendo kimoja cha mwili kinachoweza kubeba uroho wa tabaka zima, huku kikibaki kile kile cha kula. Chakula hicho kina mpishi, kina mtaji, kina wateja wenye njaa watakaokuta sufuria tupu. Tunaumia kwanza kwa ajili ya Mzee Mago, kisha ndipo tunapofika kwenye siasa. Huo ndio ufundi wa hadithi fupi ninaotaka kuusifu. Ishara huishi pale inapokuwa na mwenyewe, yaani mhusika anayekitumia kitu hicho, anayekitegemea, na anayeumia kikimtoka.

Ufundi huu una historia ndefu Marekani. Mwaka 1842, Edgar Allan Poe alipokuwa akihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne, alidai kwamba hadithi fupi isomwe kwa kikao kimoja na kila neno lake litumikie athari moja. Sharti hilo halimwachii mwandishi nafasi ya mapambo. Kitu kikitajwa, lazima kifanye kazi. Katika "Everyday Use" ya Alice Walker, iliyotoka mwaka 1973, kitu chenyewe ni mifarishi ya viraka, iliyoshonwa kwa mkono kutokana na nguo za wazee waliokwisha kufa. Mabinti wawili wanaitaka. Maggie, aliyebaki nyumbani na mama, angejifunika. Dee, aliyesoma mjini, angeitundika ukutani. Dee amerudi na jina jipya, Wangero, na salamu ya Kiganda. Msomaji wa Afrika Mashariki huona papo hapo jambo ambalo Mmarekani huenda likampita: jina hilo linafanana na la Kikikuyu lililokosewa, na salamu ni ya watu wengine kabisa. Dee anaipenda Afrika kama anavyoipenda mifarishi, kwa mbali, kama kitu cha kuonyesha wageni. Walker hatuambii kwamba mifarishi ni urithi. Anatuonyesha nani angeitumia mpaka ikachakaa na nani angeilinda isiguswe, na katika tofauti hiyo tunawajua wote wawili.

Flannery O'Connor alikwenda mbali zaidi katika "Good Country People", hadithi ya mwaka 1955. Hulga ana shahada ya uzamivu ya falsafa, haamini chochote, na ana mguu wa mti. Kijana mchuuzi wa Biblia anamshawishi wapande ghalani, kisha anamwibia mguu huo na kumwacha huko juu. Mtu akisema mguu ni ishara ya moyo uliokauka, hakosei. Ila mwandishi mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakujua mguu ungeibiwa mpaka alipobakisha mistari michache tu kabla ya tukio. Ushahidi huu una uzito mkubwa. Hakuanza na fumbo akatafuta mtu wa kulibeba. Alianza na mwanamke mwenye kiburi na mwanamume mwenye hila, akawafuata, na kitu alichokithamini mno Hulga ndicho kilichokuwa rahisi kuibiwa. Maana ilikusanyika juu ya ule mti kadiri hadithi ilivyosonga.

Kwetu, mfano ulio karibu kabisa na Marekani ni "Damu Nyeusi" ya Ken Walibora, iliyoupa jina mkusanyiko alioushughulikia pamoja na Said A. Mohamed. Fikirini ni mwanafunzi Mwafrika katika nchi inayomkumbusha rangi yake kila hatua. Katika upweke huo anashikilia imani kwamba aliye na damu kama yake ni nduguye, na imani hiyo inamfanya aporwe na Mmarekani mweusi aliyemwamini. Damu ni taashira kongwe, na ingeweza kuwa tupu kwa kutumiwa sana. Walibora ameiokoa kwa kuipa mwenyewe. Fikirini ndiye anayeiamini, ndiye anayeitumia kupima watu, na ndiye anayelipa. Msomaji anayemaliza hadithi hii amejifunza juu ya ubaguzi, na amejifunza pia jinsi upweke unavyoweza kumpofusha mtu mwema.

Atakuwapo wa kupinga. Atasema kwamba haya ni masharti ya uhalisia wa kigeni, kwamba fasihi yetu imezoea majazi na mafumbo ya wazi, na kwamba Sasa na Mbura katika "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad hawakuumbwa kuwa watu kamili. Hoja hii ni ya haki, na jibu lake limo katika hadithi zetu wenyewe. Fisi wa njia panda hakupasuka kwa sababu ya tamaa tu. Alinusa nyama huku na huku, akatanguliza miguu katika njia mbili, na mwili ukamshinda. Msimulizi alihakikisha kwanza kwamba tunamwona mnyama mwenye pua na njaa. Salma naye ametia karamu nyumbani kwa kiongozi, karamu ya kusherehekea mtoto kuingia shule ya chekechea na mwingine kuota meno. Udogo wa sababu na ukubwa wa sherehe ndivyo vinavyotuonyesha ubadhirifu wa mali ya umma. Jina la majazi hufungua mlango, lakini kinachotuingiza ndani ni kitendo mahususi cha mhusika. Hata fumbo la wazi hufuata sheria ile ile.

Pingamizi la pili hutoka darasani. Mtahiniwa anayejiandaa kwa karatasi ya fasihi ya KCSE anahitaji majibu, na orodha ya ishara na maana zake humsaidia kupata alama. Sikatai haja hiyo. Tatizo la orodha ni kwamba humtenga mhusika na kitu chake, kisha mwanafunzi huandika kwamba tumbo ni uroho, asiweze kusema kwa nini mwandishi hakutumia mfuko au ghala. Swali lenye faida ni hili: kitu hiki ni cha nani, na kikiondoka nani ataumia? Anayelijibu kwa ushahidi wa matini hupata maana ile ile ya orodha, na anaweza kuitetea. Tena swali hilo huweka mpaka. Maana isiyogusa maisha ya mhusika yeyote ndani ya hadithi haina haki ya kuingizwa humo, hata ikipendeza vipi.

Wachongaji wa ushirika wa Akamba Handicraft pale Changamwe, ulioanza mwaka 1963, wanaijua sheria hii kwa mikono. Muhugu ulipoanza kuadimika, wachongaji wengi nchini waligeukia mwarobaini, na kila mti una mkondo wake wa nyuzi ambao patasi haina budi kuufuata. Mwandishi anayeamua maana kwanza kisha akamlazimisha mhusika aibebe huchonga kinyume cha nyuzi, na kazi yake hupasuka. Kwa hiyo kijana wa Magongo anayetaka kuandika asianze kwa kuwinda ishara. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilikoma kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na ni rahisi kukiita alama ya ndoto iliyokwama. Kauli hiyo ni ya mhariri wa gazeti. Itakuwa hadithi pale kijana huyo atakapompata mtu mmoja aliyeingia lango lile kwa miaka, akamjua kwa tabia, madeni na majivuno yake, na akajua ni kitu gani cha kazini mtu huyo amekataa kukitupa. Akishamjua hivyo, maana itamfuata yenyewe, na msomaji wa mbali na Magongo ataipokea bila kuelezwa.