Nomadland: Kitabu na Filamu Yake

Nomadland ni kitabu cha mwandishi wa habari Jessica Bruder kilichotoka mwaka 2017. Filamu ya Chloé Zhao yenye jina hilo ilifuata mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikapata Oscar ya filamu bora. Vyote viwili vinahusu Wamarekani wazee waliokosa uwezo wa kuwa na nyumba wakahamia ndani ya magari. Filamu ni nzuri, na Frances McDormand, anayeigiza kama Fern, hana mfano. Hata hivyo, aliyewahi kulala katika kambi ya kulipia ya magari-nyumba atakuwa na la kuiuliza.

Sisi tulilala siku nne katika kambi ya namna hiyo huko Arizona, tukiwa na gari la kukodi. Palikuwa na geti, bwawa la kuogelea, na kila gari na kiwanja chake chenye bomba la maji, umeme na tundu la kumwagia maji machafu. Kambi za daraja hili zina masharti yake. Nyingi hupokea watu wa miaka 55 na zaidi tu, na baadhi hulikataa gari lililopita miaka 10. Hivyo mzee mwenye gari jipya, ambaye nyumba yake Minnesota imefungwa kungoja theluji iishe, hukaribishwa. Bibi mwenye gari kuukuu, asiye na nyumba popote, huambiwa aendelee na safari. Huyo huenda jangwani, mathalani karibu na Quartzsite, ambako ipo ardhi ya serikali inayoruhusu kupiga kambi siku 14 bure.

Filamu inaupitia upesi mno mpaka huo wa geti na jangwa. Zhao anapenda machweo, na piano haiko mbali. Fern anapewa nafasi ya kuishi ndani ya nyumba, kwa dada yake na kwa rafiki, naye anakataa. Mtazamaji anaondoka akidhani shida ni moyo usiotulia. Bruder hatupi nafuu hiyo. Yeye anahesabu senti. Anatuonyesha wazee wakitembea maili kadhaa kwa zamu moja juu ya sakafu ya zege ya maghala ya Amazon, na dawa za maumivu zikitolewa bure ukutani. Filamu, iliyopigwa ndani ya ghala la kampuni hiyo hiyo, inatupa watu wanaosalimiana vizuri.

Halafu yuko Linda May, mtu halisi, aliyepita miaka 60. Kitabuni anasimamia kambi katika milima ya San Bernardino, California: anapokea wageni, anasafisha vyoo, na usiku analala katika tela lake dogo pale pale. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa jembe siku ya kwanza. Filamu nayo inamwonyesha akisafisha vyoo pamoja na Fern, lakini kama utani wa mashoga wawili.

Kambini kwetu taka zilizolewa na mzee wa umri wa baba yangu. Nilitamani kumwamkia shikamoo, ila Kiingereza hakina neno hilo. Tela lake lilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, na kodi ya kiwanja aliilipa kwa kazi. Anayetaka kumjua mzee huyo na aanze na kitabu, filamu aitazame baadaye.